Kidole Kilichopondwa na Dawa za Karakana

Nyundo inapoteleza juu ya tindo, huangukia mkono wa kushoto. Ndio unaoshika kazi wakati wa kulia unapiga, na mara nyingi anayelipa ni gumba au kidole cha shahada. Kwa mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi, wanaokunja mabati kuwa masanduku na majiko, au kwa wenzao wa Gerezani jijini Dar es Salaam, ajali hii haina ugeni. Mtu anaubana mkono kwapani, anazunguka huku ameuma meno, na kabla hajapata pumzi dawa zimeanza kufika: chupa ya mafuta ya taa, majivu kutoka kwa mama lishe, oili, gundi ya supa-gluu. Fundi mkubwa anaagiza tu, "Kaa chini, dogo. Inua mkono juu."

Katika msururu wote huo, agizo la fundi mkubwa ndilo tiba bora. Mkono ukiinuliwa juu ya usawa wa moyo, damu haijai kidoleni kwa kasi na uvimbe unakuwa mdogo. Maji baridi yanasaidia vilevile, au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, ikawekwa dakika 10 hadi 15 kisha ikaondolewa. Lakini tiba hiyo haina harufu, haichomi, wala haiachi alama, kwa hiyo haihesabiwi kuwa dawa. Anayesifiwa jioni ni yule wa mafuta ya taa.

Wapo wanaoziona dawa hizi kuwa ujinga mtupu. Sikubaliani nao. Mimi naona zinajibu swali ambalo daktari huliuliza mwisho, ilhali fundi huliuliza kwanza: mkono huu utarudi kazini saa ngapi? Fundi wa mabati hulipwa kwa kipande. Sanduku lisipoisha, hela haipo, na foleni ya hospitali inaweza kula siku nzima. Sheria za fidia zipo. Kenya ilitunga sheria ya mafao ya majeraha kazini mwaka 2007, na Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015. Lakini sheria hizo zinaanzia kwa mwajiri na mwajiriwa wake. Anayejitegemea chini ya turubai yake, na kijana aliyeitwa asubuhi kusaidia kushika bati bila karatasi yoyote, ni vigumu kwao kusema mwajiri ni nani. Ndiyo maana dawa ya karakana huchaguliwa kwa vigezo vyake: iwe karibu, iwe ya bei nafuu, na izuie kinachoonekana. Kinachoonekana ni damu, na kinachosikika ni maumivu. Mfupa ulioatuka, kano iliyokatika na vijidudu vilivyoingia havipigi kelele siku hiyo.

Tuanze na kidole kilichopondwa bila ngozi kupasuka. Ncha ya kidole imejaa neva, ina mfupa mdogo katikati, na juu yake kucha ngumu. Mishipa midogo ikipasuka, damu huvilia chini ya kucha, na kwa kuwa kucha haitanuki, damu hiyo inakandamiza neva kutoka juu. Hayo ndiyo maumivu ya kupwita yanayomnyima mtu usingizi, kila pigo la moyo likisikika kidoleni.

Hapa karakana ina dawa ninayoiheshimu. Waya mwembamba au pini inapashwa moto hadi inakuwa nyekundu, inagusishwa katikati ya kucha, inayeyusha tundu dogo, damu nyeusi inachomoza na maumivu yanashuka papo hapo. Anayeona mara ya kwanza hushika kichwa. Hata hivyo, katika idara za dharura duniani madaktari na wauguzi hufanya jambo lilelile kwa kifaa maalumu cha moto au kwa sindano nene, na sababu zake zinaeleweka. Kucha yenyewe haina neva. Damu iliyokusanyika chini yake inaiacha nyama mbali kidogo na waya, na waya ukishapenya, damu hiyohiyo inaupoza. Ukiwahi siku ya kwanza au ya pili, kabla damu haijaganda, hufaa sana.

Tatizo ni masharti ambayo hadithi huyaruka. Kucha iwe nzima na kingo zake hazijang'oka. Kidole kiwe kimenyooka na kinakunjika. Mkono uwe umeoshwa kwa maji na sabuni, kwa sababu mkono ulionawishwa petroli kisha ukasogezewa moto ni janga jipya. Na mfupa wa ncha ukiwa umevunjika, lile tundu linafungua njia ya vijidudu kuufikia, kwa hiyo kidole kilichopigwa sana kinahitaji picha ya eksirei kabla ya mtu kuchukua waya. Kazi hii inampasa mhudumu wa afya. Waya wa fundi una hekima ndani yake, ila hauoni mfupa.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila fundi anaweza kujifanyia: nyoosha vidole vyote na utazame pingili ya mwisho ya kile kilichoumia. Ikiinama na kukataa kunyooka kwa nguvu zake yenyewe, kano ya juu imekatika au imeng'oka na kipande cha mfupa. Jeraha hili linadanganya, kwa kuwa mara nyingi haliumi sana. Dawa yake ni kibanzi kinachoishika pingili hiyo imenyooka kwa wiki 6 hadi 8, usiku na mchana, bila kuiacha ikunjike hata wakati wa kuoga. Ikikunjika mara moja, hesabu inaanza upya. Kwa mtu anayelipwa kwa kipande, wiki hizo ni mzigo mzito, na naelewa kwa nini wengi hufungua bandeji siku ya tatu. Matokeo yake huonekana kwenye mikono ya wazee wa kazi: pingili iliyoinama daima.

Kucha iliyokuwa nyeusi itang'oka au itasukumwa na mpya. Kucha za mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo mabadiliko kamili huchukua miezi 4 hadi 6. Doa la damu husogea mbele pamoja na kucha. Doa jeusi lisilosogea, au mstari mweusi unaopanuka, haifai kulisingizia nyundo bila daktari kuliona. Bob Marley alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, kikahusishwa na kuumia akicheza mpira. Mwaka 1977 ikagundulika ni saratani ya ngozi chini ya kucha, na akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Mpira haukuileta saratani ile. Hadithi ya kuumia ndiyo iliyofanya kidonda kionekane jambo la kawaida.

Ngozi ikipasuka, dawa hubadilika. Majivu, unga wa kahawa, tumbaku iliyosagwa, utando wa buibui: vyote hivi vinasifiwa kwamba vinakata damu, na sifa hiyo ina ukweli. Unga mkavu hunyonya majimaji na kuipa damu mahali pa kushika igande, nao utando wa buibui hufanya hivyo kwa nyuzi zake. Lakini kitambaa safi kikikandamizwa kwa mkono dakika 10 mfululizo, bila kuchungulia, hukata damu vizuri zaidi na hakiachi taka ndani. Supa-gluu nayo ina jamaa zake wa hospitali, gundi zinazofunga majeraha madogo yenye kingo safi. Ile ya dukani inatengenezwa kwa kemikali inayotoa joto na kuichubua nyama, na zaidi ya hapo inafunga mlango huku uchafu wa karakana umebaki ndani. Mafuta ya taa, petroli na oili huiunguza nyama iliyo wazi na kuchelewesha kupona. Kuwasha kwake ndiko kunakowafanya watu waamini kuwa yanafanya kazi.

Asali na sukari ziko kundi jingine. Zote mbili huvuta maji kutoka kwenye jeraha hata vijidudu vikakosa unyevu wa kuzaliana, na hospitali hutumia asali iliyosafishwa kwa mionzi kutibu vidonda. Moses Murandu, muuguzi aliyekulia Zimbabwe akimwona baba yake akitia sukari kwenye vidonda, aliipeleka dawa hiyo Uingereza na kuifanyia utafiti katika Chuo Kikuu cha Wolverhampton. Nyumba zetu zina elimu ya kweli. Ila asali iliyochovywa vidole vya watu wote karakanani haifai kuwekwa kwenye mkato wa leo. Huo unataka maji mengi yanayotiririka na sabuni. Maji safi ya bomba yamepimwa dhidi ya maji ya chumvi ya hospitali kwa kuosha majeraha, na hayakuonekana kuwa duni.

Ninachokihofia zaidi katika majivu na vumbi ni pepopunda. Watu huilaumu kutu, na msumari wenye kutu umekuwa mshtakiwa wa kila siku. Kutu yenyewe haina hatia. Mbegu za bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na msumari huzibeba kwa sababu umelala chini. Majivu yaliyozolewa ardhini yanaweza kuzibeba vilevile, nazo hustawi pasipo hewa: ndani ya tundu jembamba, chini ya nyama iliyokufa, nyuma ya supa-gluu. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21, mara nyingi kama wiki moja baadaye. Kidonda kinaweza kuwa kimeshafunga na dawa imeshasifiwa. Taya linapoanza kukaza, hakuna anayekumbuka yale majivu.

Na wanaume wamesahaulika hapa. Chanjo ya pepopunda ya utotoni, inayotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Wanawake wengi huipata tena kliniki wakiwa wajawazito. Mwanaume hana kliniki ya namna hiyo, na anaweza kufika miaka 40 akishika nyundo kila siku bila kuchanjwa tena. Udhaifu huu ulijitokeza miaka ya 2010, pale mpango wa tohara ya hiari ya wanaume mashariki na kusini mwa Afrika ulipokutana na visa vya pepopunda, na Shirika la Afya Duniani likalazimika kutoa mwongozo wa chanjo kwa wanaotahiriwa. Ningependa kuona muuguzi mwenye kisanduku cha chanjo akipita Gerezani na Kamukunji, kwa sababu sindano hiyo haimpotezei fundi hata saa moja ya kazi.

Udhaifu wa hadithi za karakana uko kwa wasimulizi wake. Anayesema "mimi nilitia mafuta ya taa na nikapona" anasema kweli: alitia, na akapona. Vidole vingi hupona hata visipotiwa kitu. Yule ambaye kidole chake kilioza hayupo kwenye benchi kusimulia. Alirudi kijijini, au anauza vocha. Tunasikia ushahidi wa upande mmoja, kutoka kwa watu waaminifu.

Yapo pia mambo ambayo hadithi hizo huyaruka. Pete ivuliwe mara tu kidole kinapoumia, kabla uvimbe haujaizunguka. Glavu zisivaliwe kwenye mashine inayozunguka, kama ya kutobolea, kwa sababu kitambaa kikinaswa kinavuta mkono mzima. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji ya barafu. Barafu ikigusa nyama moja kwa moja, inaiua. Spiriti nayo inaiharibu. Mkono wenyewe ukandamizwe kwa kitambaa. Ule ukanda wa tyubu ya baiskeli unaofungwa kidoleni huhatarisha sehemu iliyobaki, hasa ukisahauliwa hapo.

Ajali inayonitisha kuliko zote ndiyo isiyo na hadithi, kwa sababu haitoi damu. Fundi wa gereji anajaribu nozeli ya dizeli, anaupitisha mkono mbele yake, anasikia kama kachomwa na kijiba. Au bomba la kupigia grisi linateleza. Au anaziba kwa kidole mashine ya kupulizia rangi kwa shinikizo kubwa. Kinachoonekana ni kitundu kidogo tu, na kwa vigezo vya karakana hakuna cha kutibu: damu haipo, maumivu ni kidogo. Tairi la gari dogo hujazwa kwa takriban mara 2 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Nozeli ya dizeli hutema kwa zaidi ya mara 100. Mafuta yaliyopenya yamekimbia kando ya kano hadi kiganjani, na nyama imeanza kufa kutokea ndani. Baada ya saa chache kidole kinakuwa kigumu, kimepauka, na maumivu hayavumiliki. Upasuaji wa kufungua na kusafisha ukifanyika ndani ya saa 6, uwezekano wa kukiokoa ni mkubwa zaidi. Ukichelewa, wengi hukatwa kidole, hasa kilichoingia kikiwa rangi au kimumunyisho.

Kwa hiyo mtu huyu hapaswi kusubiri maumivu, na akifika hospitali asiseme tu kwamba amechomwa. Mhudumu wa mapokezi ataona kitundu, atatoa vidonge na kumrudisha nyumbani, na hatakuwa na kosa kubwa, maana hakuna kingine alichoonyeshwa. Aseme wazi: "Dizeli imeingia kwa shinikizo," ataje saa ilipoingia, na kama anaweza aje na kopo la kile kilichoingia, ili mpasuaji ajue anachokwenda kukitoa.