Tafuta Tabibu Wako Ungali Mzima

Ndugu wafanyakazi wa viwanda na mashamba ya Uganda,

Mtoto akipata homa tunakimbia naye kituoni. Lakini mtu mzima hungoja mpaka aanguke katikati ya chai au miwa. Presha na sukari haziumi mapema. Hula mwili polepole, na siku zikijionyesha, mkono umekwisha kupooza.

Wengine husema, "Daktari yuko mbali." Ni kweli, daktari hupatikana hospitali na kwenye kituo cha afya cha daraja la nne. Lakini kituo cha daraja la tatu, kinachohudumia gombolola, huongozwa na tabibu aliyesomea kazi hiyo miaka mitatu. Yeye hupima, huandika dawa, na ugonjwa ukimshinda hukupa barua ya kwenda mbele. Daraja la pili lina nesi. Tangu mwaka 2001, vituo vya afya vya serikali havidai malipo ya matibabu.

Basi fanyeni hivi:

1. Ulizeni majirani na mjumbe wa chama ni nani anayepatikana kituoni na kusikiliza wagonjwa. Kwenye kliniki ya kulipia, ombeni kuona cheti cha kusajiliwa. Muuza dawa wa dukani si tabibu.

2. Nenda ukiwa mzima, upimwe presha walau mara moja kwa mwaka. Ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, rudi siku nyingine ipimwe tena.

3. Rudi kwa mtu yule yule, na daftari lile lile. Mweleze kazi yako: kunyunyiza dawa za shamba, vumbi, kubeba mizigo. Asipojua kazi yako atatibu kichwa tu.

4. Kikohozi kikipita wiki mbili, omba kupimwa makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Daftari hilo ni ngao pia. Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inampa mgonjwa aliyekwisha kufanya kazi mwezi mmoja mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Lakini lazima umwarifu mwajiri mapema, na akitaka cheti, kitiwe sahihi na mganga mwenye sifa. Muulize tabibu wako mapema kama sahihi yake inatosha, au akuandikie barua ya kwenda kwa daktari. Asiye na karatasi huhesabiwa mtoro.

Wajumbe wa matawi, andikeni vituo vilivyo karibu na siku za kliniki ya presha na sukari. Bandikeni karatasi hiyo mahali pa kulipia mishahara, kila mtu aione.