Mate Yakikauka Kinywani, Tafuteni Sababu Kwanza

Mtu mwenye afya hayakumbuki mate yake. Hula, huzungumza, hulala, wala hafikiri kwamba kinywani mwake mna kazi ifanyikayo usiku na mchana. Huyakumbuka siku yakaukapo. Hapo ugali hushikamana na ufizi, maneno hukwama ulimini, naye huamka usiku mara tatu au nne kutafuta kikombe cha maji.

Baba yangu mdogo alipatwa na taabu hii. Ili kujituliza alitia peremende katika mfuko wa koti, akazimumunya tangu asubuhi hata jioni. Kinywa kililainika kidogo, naye akafurahi. Lakini kabla ya miaka miwili kupita, meno yake yalikuwa yameoza karibu na ufizi, na sita yaling'olewa. Mzee alidhani amepata dawa, kumbe alikuwa akimlisha adui.

Yafaa tujue kazi ya mate. Tezi zake kubwa ni jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya, na chini ya ulimi. Kwa siku moja hutoa kadiri ya nusu lita hadi lita moja na nusu. Mate huosha mabaki ya chakula, hupunguza ukali wa asidi iozeshayo meno, tena huyarudishia meno madini yaliyopotea. Yakipungua, sukari kidogo tu huleta hasara kubwa, na ukungu mweupe waweza kuota ulimini.

Basi jambo la kwanza si kutafuta cha kumumunya, bali kutafuta sababu. Mara nyingi sababu ni dawa ambazo mgonjwa anameza kwa maradhi mengine: dawa za mafua na mizio, baadhi ya dawa za shinikizo la damu, na amitriptilini, ambayo hutolewa kwa huzuni na kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Ndiyo aliyokuwa akimeza baba mdogo kwa ajili ya miguu. Daktari alipoona vidonge vyake alipunguza kipimo, na mate yakaanza kurudi. Meno hayakurudi. Lakini angalieni: mtu asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, maana ugonjwa ule waweza kumdhuru kuliko ukavu.

Mwenye kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara apimwe kisukari. Ambaye macho yake pia ni makavu aseme hivyo kwa daktari, kwa kuwa kuna ugonjwa ambao mwili hushambulia tezi zake wenyewe. Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden, aliueleza mwaka 1933. Mionzi ya kutibu saratani ya kichwa na shingo nayo huharibu tezi. Tena miraa, tumbaku na pombe huongeza ukavu.

Wakati sababu inatafutwa, nyumbani pana mambo ya kufanya. Kunyweni maji kidogo kidogo mchana kutwa, na wakati wa kula tieni mchuzi katika chakula. Tafuneni chingamu isiyo na sukari, kwani kutafuna huziamsha tezi. Ndimu huleta mate, lakini asidi yake hula meno, heri kuiacha. Pigeni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi. Maji ya kusukutulia yenye spiriti yasitumiwe, na meno ya bandia yavuliwe usiku.

Ikiwa hayo hayatoshi, kuna mate ya bandia ya kupaka au kupuliza kinywani. Kuna pia vidonge vya pilokapini, dawa itokanayo na mmea wa Brazili, ambavyo Marekani iliviruhusu mwaka 1994 kwa wagonjwa waliokaushwa na mionzi. Lakini hivyo huamsha tezi zilizo hai tu, huleta jasho jingi, na havimfai mwenye pumu isiyotulia. Visimezwe bila daktari.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kinywa kikavu majuma kadhaa asione haya. Na aende kwa daktari, achukue mkononi dawa zake zote, hata zile alizonunua dukani, aziweke mezani.