Kununua Mitambo Iliyotumika ya Kusafishia Filamu



Makala haya yavihusu hasa vyama vya wapiga picha vinavyokusudia kununua mtambo wa kusafishia filamu, au skana ya kuingizia negativu katika kompyuta. Hesabu iliyomo itavifaa pia vyama vingine, kwani mashine iliyokwisha kutumika ina tabia moja popote iendapo: bei yake hutajwa na muuzaji, na gharama zake hugunduliwa na mnunuzi.

Kwanza ieleweke kwa nini bei hizi hazina kituo. Kampuni ya Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Januari 2012, na Nikon iliacha kabisa kutengeneza skana za filamu. Maduka mengi yaliitupa mitambo yake kama vyuma chakavu. Baadaye vijana wa Ulaya na Marekani wakarudia filamu, na vitu vile vile vikaanza kutafutwa. Kwa hiyo hakuna orodha ya bei ya kiwandani ya kulinganishia. Bei ya haki ni ile ambayo kazi ya chama yaweza kuilipa.

Tuchukue mfano. Mtambo, pamoja na nauli, ushuru wa forodha, fundi na vipuri vya kuanzia, umegharimu shilingi 6,000,000, na bodi inatumaini utafanya kazi miaka 3. Chama kikisafisha mikanda 20 kwa wiki, hiyo ni mikanda 3,120, na kila mkanda unabeba shilingi 1,923 za mtambo kabla ya dawa, umeme na mshahara. Kikisafisha mikanda 5 tu kwa wiki, kila mkanda unabeba shilingi 7,692. Mtambo ni ule ule, bei ni ile ile; kwa chama cha kwanza huenda ni rahisi, kwa cha pili ni mzigo. Katibu na ahesabu mikanda iliyopokelewa kweli katika miezi sita iliyopita, wala si ile inayotarajiwa.

Uchache wa kazi una madhara mengine. Filamu za rangi husafishwa kwa utaratibu uitwao C-41, uliotolewa mwaka 1972: dawa ya kwanza iwe na joto la nyuzi 37.8 za Sentigredi, na filamu ikae humo dakika 3 na sekunde 15. Mtambo mkubwa wa rola huweka dawa nyingi ndani ya matangi na kuongeza kidogo kila mkanda unapopita. Mikanda isipopita, dawa huharibika kwa hewa na chama humwaga fedha. Kwa chama kidogo, rai yangu ni kuuacha mtambo huo, hata ukitolewa bure, na kutumia matangi ya mkono ndani ya beseni lenye kidhibiti joto.

Kwenye skana ndiko fedha nyingi hupotea. Studio zetu za zamani zilitumia sana filamu pana ya 120, nyeusi na nyeupe. Sasa, skana za Nikon Coolscan V na 5000 hupokea filamu ya milimita 35, wala si hiyo pana. Coolscan 8000 na 9000 ndizo zipokeazo ile pana. Chama chenye makasha ya negativu za 120 kikinunua 5000 kwa kuwa ni nzuri, kitakuwa kimenunua kitu kizuri kisichokifaa. Vile vile, muuzaji husifu mwanga wa infraredi unaofuta mavumbi na mikwaruzo. Sifa hiyo ni ya kweli kwa filamu za rangi, lakini haifanyi kazi kwa filamu za kawaida nyeusi na nyeupe, kwa sababu fedha iliyomo huuzuia mwanga huo. Msilipie msichoweza kukitumia.

Namba iliyoandikwa kwenye sanduku nayo isiwatishe. Skana bapa za Epson V700 na V800 huandikwa nukta 6400 kwa inchi, ingawa majaribio yameonyesha hazifikii nusu ya hapo. Nukta 4000 za kweli kwa negativu ya milimita 35 hutoa picha ya nukta milioni 21 hivi, nazo zatosha.

Kabla ya kulipa, mtambo uwashwe mbele ya wajumbe wawili. Nendeni na mkanda wenu wenyewe, usafishwe, kisha utazamwe kwa lenzi kama una michirizi ya urefu; michirizi huonyesha rola chafu au zilizochakaa. Pimeni joto kwa kipimajoto chenu. Kwa skana, ulizeni kompyuta yake ya zamani, waya zake, diski za programu na vishikio vya filamu, kwa maana kishikio kimoja kilichopotea chaweza kuisimamisha kazi nzima. Mtambo uliotoka Japani huenda unataka volti 100, basi bei ya transfoma iingie katika hesabu.

Ikiwa ununuzi ni kwa mkopo, mkopo huo usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Mkataba utaje namba ya mashine na vifaa vyote vinavyoambatana nayo, na sehemu ya malipo izuiliwe mpaka mkanda wa kwanza usafishwe ndani ya jengo la chama, stakabadhi zikiwa mkononi mwa mtunza hazina.