Mwenzio Kapagawa na Injini za Mvuke? Jifunze Kuzisoma!

Wapo wanaume wanaomaliza mshahara kwenye mpira, wapo wa magari. Wangu mimi ugonjwa wake ni injini za mvuke za kuchezea, tena za zamani! Usicheke, msomaji. Ni injini ya kweli kabisa, ila inakaa mezani: boila dogo la shaba, unatia maji, unawasha moto chini yake, mvuke unasukuma pistoni na gurudumu linazunguka.

Tunaishi Birmingham, Uingereza, mji ambako Geoffrey Malins alianzisha mwaka 1937 kampuni iliyotengeneza injini za Mamod. Kwa hiyo kila soko la vitu vikuukuu ni kishawishi. Na sisi tunadunduliza pesa za nyumba, jamani! Kununa hakukusaidia. Nikaamua kuujua ugonjwa wenyewe, na siku hizi bwana hatoi pesa kabla sijaikagua injini.

Anza na alama. GBN ni Gebrüder Bing wa Nürnberg, Ujerumani. BW ni kiwanda hicho hicho baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Ukikuta "US Zone Germany", hiyo imetoka miaka michache baada ya Vita ya Pili. Wilesco je? Kampuni ilianza mwaka 1912, lakini injini za mvuke ilianza kuzitengeneza mwaka 1950. Muuzaji akikwambia yake ni ya 1930, muage kwa adabu.

Tazama kichomeo. Mamod za zamani zilitumia spiriti, kisha katikati ya miaka ya 1970 zikahamia kwenye vidonge vya kuwashia. Injini inayodaiwa ni ya miaka ya 1950 ikiwa na kichomeo cha vidonge, ujue kimebadilishwa. Bei ishuke.

Usidanganywe na mng'aro. Rangi mpya mara nyingi hushusha thamani. Boksi la awali, hata likiwa limechakaa, huipandisha.

Kagua boila. Hapa sina utani, maana tuna mtoto wa miaka minne. Boila likiwashwa bila maji, lehemu huyeyuka na viungo hulegea. Kwetu injini kuukuu haiwashwi mpaka fundi alipime kwa shinikizo la maji na vali ya usalama ithibitike inafanya kazi. Na moto wa spiriti mchana hauonekani vizuri, hivyo mtoto hukaa mbali.

Sheria yetu ya ndani ni moja: akitaka mpya, auze moja kwanza. Akaunti ya nyumba haiguswi. Tangu hapo ugomvi umepungua, na yeye mwenyewe anakiri kabati lake lina injini chache lakini za maana.

Kwa hiyo wewe ambaye mwenzio ana wazimu wake, usikimbilie kumwambia achague kati yako na vitu vyake. Vijue kwanza. Mkibishana bei mkiwa upande mmoja, muuzaji ndiye atakayetoka jasho!