Minervali Tulilipa, Mtoto Hatukumwona



Siku ya posho iliyopita tulitoka watano, asubuhi mapema kabla vumbi halijaamka. Mama Prezida alibeba sabuni kwenye kikapu, vipande kumi na kimoja. Mama mtunza-feza alibeba kaye yake ya hesabu, ambayo hata kanisani haachani nayo. Sisi wengine tulikuwa na chumvi, unga wa muhogo, na vitambaa vya mwezi tulivyoshona wenyewe kwa masalio ya vikwembe. Tulikuwa tunakwenda kuwatembelea wasichana kumi na mmoja ambao chama chetu kinawalipia masomo ya sekondari.

Huu ni mwaka wa tatu tunawalipia. Na tuseme ukweli, hii ilikuwa mara yetu ya kwanza kufika nyumbani kwao.

Kwa wale walioingia chama juzi, tukumbushe kidogo. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, Serikali ilipoanza kutekeleza shule ya msingi ya bure, watoto wengi walirudi darasani hata mabenchi yakakosa. Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa imesema hivyo tayari, katika kifungu chake cha 43, lakini tulingoja miaka kumi na mitatu. Sasa mtoto anamaliza darasa la sita, halafu anakuta mlango wa sekondari una bei yake: minervali, nguo za buluu na nyeupe, kaye, biki, viatu, na feza nyingine ndogo ndogo ambazo kila mwezi zinakuja na jina jipya. Kama nyumbani kuna mvulana na msichana, na feza inatosha mtoto mmoja tu, ninyi wenyewe mnajua nani atabaki jikoni.

Ndiyo sababu kila mama, akisha kuweka feza yake ya likelemba, anaongeza franga 1.000 kila juma ndani ya kisanduku cha wasichana. Tuko arobaini na wawili: wauza ndizi, wauza makala, wauza samaki wa Kasenyi, mwalimu mmoja, muuguzi mmoja. Wengi wetu tulikuwa na umri wa wasichana hawa mwezi wa 5 mwaka 2003, vita vilipoingia mjini Bunia. Askari wa Ulaya wa Artemis walifika mwezi wa 6, na utulivu ukaanza kurudi mjini polepole. Lakini wengine kati yetu walikuwa wameolewa tayari, wengine walikuwa na mimba, wengine walikuwa wamekwisha kuzoea kuuza sokoni. Hakuna aliyekuja kutuuliza kama tungependa kurudi darasani.

Tulianza Mudzipela, kwa yule anayesoma ushonaji. Huko hatukukawia. Mama yake alitutolea bilteni kabla hatujakaa, na chai ilikuwa tayari. Mtoto anafanya vizuri, mashine anaiendesha kuliko baadhi yetu. Kwa wengine sita hali ilikuwa karibu hivyo hivyo: shida ziko, lakini mtoto yuko darasani na mzazi anamfuata. Mmoja anasomea nje chini ya taa ya jirani mpaka jirani anapozima. Mmoja ana bilteni ambayo baba yake aliificha chini ya godoro. Tuliicheka, naye akacheka.

Nyumba ya nane, yule anayesoma pedagojia, ilitunyamazisha. Msichana huyu ana adabu sana. Alitupokea, akatuletea viti kwa majirani, akakaa mbali kidogo. Mama Prezida alipotoa simu ili tupige picha ya ukumbusho, aliinama. Tukamwambia asiogope. Akasema kwa sauti ndogo, “Mama, naomba hapana.” Tulipomwuliza sababu, akatukumbusha siku ile ya mwaka wa kwanza tulipowapanga wote mbele ya wanafunzi, kila mmoja ameshika kaye zake tano, tukapiga picha, na hotuba ikatolewa. Tangu siku ile, wenzake darasani wanamwita mtoto wa msaada. Akikosa jibu, wanasema hata akili aombe msaada. Alivumilia miaka miwili bila kutuambia, kwa sababu alifikiri tutaacha kumlipia.

Picha zile sisi tulizipenda. Moja tuliitia katika karatasi hii hii, na baadhi yenu mnaikumbuka. Tumekwisha kukubaliana kwamba hatutapiga tena picha za aina hiyo, na minervali italipwa kimya kama mzazi yeyote anavyolipa.

Tatu zilizobaki ziko upande wa Kigonze. Mbili tulizipitia haraka. Ya mwisho ilitukalisha mpaka jioni.

Wasiofika Kigonze wajue kwamba ni kambi ya watu waliokimbia Djugu. Tangu mwisho wa mwaka 2017, mauaji yalipoanza tena huko, watu waliingia Bunia kwa maelfu, na wengi hawajaweza kurudi. Wanaishi chini ya mabashi, nyumba kwa nyumba, ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa jirani. (Mama mmoja aliwahi kuuliza katika mkutano kama watoto tunaowalipia ni wa kabila gani. Hatukuandika kabila la mtoto yeyote kwenye kaye yetu, wala hatutaandika.)

Msichana ana miaka 16. Anaishi na nyanya yake na wadogo wawili. Tulipofika alikuwa anarudi na bidoni ya maji kichwani, na alipotuona hakufurahi. Alisimama na bidoni yake kama mtu aliyekamatwa. Ni nyanya ndiye aliyesema: “Wanangu, huyu hasomi tena. Ni majuma matano sasa.”

Majuma matano! Mwezi wa kwanza tulilipa minervali ya muhula mzima, na karatasi ya malipo iko katika kaye ya Mama mtunza-feza, na muhuri juu yake. Shule haikutuambia kitu, na sisi hatukuuliza. Tulikuwa tunalipia benchi tupu huku tukijisifu kila juma kwamba watoto wetu kumi na mmoja wanasoma.

Tuliuliza sababu, na haikuwa moja. Viatu vilichanika kwanza. Halafu kiangazi kikaja, na mstari wa maji ukawa mrefu. Akienda bombani alfajiri, anafika darasani wenzake wako saa ya tatu ya masomo, anafukuzwa. Akianza kuchota jioni baada ya shule, anarudi gizani, na gizani kuna wanaume wanaomsubiri. Alisema hayo akiangalia chini. Mwisho kabisa, nyanya akasema kuna mtu amekuja kuzungumza habari ya mali.

Hapo mmoja wetu, ambaye hatutamtaja lakini anajijua, akaanza haraka kueleza sheria. Na alichosema ni kweli: sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza uchumba na ndoa ya mtu asiyetimiza miaka 18. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, “Hiyo sheria italala hapa na sisi usiku?”

Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tumekuja na hasira kwa mama huyu, na kumbe yeye alikuwa amefanya hesabu ambayo sisi hatukuifanya. Mwanawe na mkwewe walikufa Djugu. Ana wajukuu watatu chini ya bashi moja, na mlango wa nyumba yake ni kitambaa. Mtu aliyekuja si mzee sana, ana kazi, ana nyumba ya mabati. Kwa nyanya, hiyo ilikuwa njia ya kumtoa mtoto gizani. Sisi tulikuwa tumemletea sabuni.

Mama mmoja wetu aliketi chini, akavuta sinia ya maharagi, akaanza kuyachagua pamoja naye. Mazungumzo ya kweli yalianza hapo. Yalichukua muda, na hatuwezi kuyaandika yote. Mwisho wake, mama wa Nyakasanza ambaye ana binti wawili nyumbani alisema msichana anaweza kulala kwake kuanzia siku ya kwanza mpaka siku ya tano, na kurudi kwa nyanya siku ya posho na siku ya Mungu. Tulimgeukia msichana mwenyewe, maana mpaka hapo tulikuwa tunamzungumza kama hayupo. Alisema anataka kusoma, lakini anaogopa kumwacha nyanya na maji.

Nyanya hakukubali siku ile. Alisema kwanza atakuja kuona.

Siku ya kwanza tulikutana katika mkutano wetu, na mkutano ulikuwa mkali. Mama mmoja alisema kisanduku ni cha minervali, si cha maji wala viatu. Tukimfanyia mmoja, wote kumi na mmoja wataomba, na feza itaisha kabla ya Pasaka. Hakukosea. Wengine walisema kulipia mtoto asiyefika darasani ni kutupa hiyo feza mtoni Shari. Hao pia hawakukosea. Tulikumbushwa habari ya CAMFED, shirika linalofanya kazi hata Tanzania, ambalo lilianza Zimbabwe mwaka 1993 kwa wasichana 32 tu. Wasichana wa kwanza walipomaliza waliunda umoja wao mwaka 1998, na wako wanaorudi shuleni kuwasaidia wanafunzi walio nyuma yao. Huko kuna pia vikundi vya akina mama wanaopika chakula cha wanafunzi. Nyuma yetu hakuna shirika, lakini miguu tunayo.

Basi tulikata hivi: katika kila franga 1.000, franga 200 zitakuwa za kufuata mtoto. Kijana wa jirani pale Kigonze atamchotea nyanya bidoni mbili kila siku ya masomo, naye atalipwa. Kila msichana atapata mama mlezi mmoja ambaye atapita shuleni mara moja kwa juma na kumwangalia kwa macho. Na kwa sababu feza ni ile ile, mwezi wa 9 hatutapokea msichana mpya. Mtoto tuliyekuwa tumemwahidi nafasi ya kumi na mbili, mama yake yuko kati yetu, na alikuwa amekaa pale tulipoinua mikono. Naye aliinua wake. Tunamshukuru, na hatujui tumwambie nini zaidi.

Siku ya pili nyanya alikuja Nyakasanza, kwa miguu, na fimbo yake. Alitazama kitanda. Alitazama choo na njia ya kwenda chooni. Aliuliza wanaume gani wanalala katika nyumba hii, na kijana mkubwa ana miaka mingapi, na chumba cha binti kinafungwa na nini. Ni maswali ambayo sisi hatukumwuliza mtu yeyote katika miaka mitatu. Chumba kilikuwa hakifungwi na kitu. Baba wa nyumba alisimama pale pale akaenda sokoni, akarudi na komeo, akalipigilia kwa ndani huku nyanya anamwangalia.

Nyanya alikubali, lakini mpaka masomo yatakapofungwa mwezi wa 7 tu. Baadaye tutazungumza tena. Yule mtu wa mali hajajibiwa hapana, ameambiwa angoje. Tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Siku ya tatu msichana aliingia darasani akiwa na viatu vya kuazima vinavyomwacha kisigino nje. Mwalimu wake alimpa masomo ya majuma matano ya kunakili, na yule wa pedagojia, ambaye amepita darasa hilo, amemletea kaye zake za zamani na anakaa naye jioni.

Ziara ya pili itakuwa siku ya posho ya mwisho ya mwezi huu. Tutaondoka saa moja asubuhi, bila simu za picha. Anayeweza kutoka aje; anayebaki sokoni atume sabuni. Na aliye na viatu vyeusi vya shule namba 38, hata vikiwa vimetumika, amfikishie Mama Prezida kabla ya siku ya kwanza.