Fahamu: Kompyuta ya nyumbani inapokosa intaneti

Mnamo tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ilidhoofika Kenya na Tanzania, na hata aliyeketi Dundori, karibu na Nakuru nchini Kenya, mbali na bahari, hakuwa na hila ila kusubiri. Lakini misiba hiyo ni nadra. Aghalabu hitilafu imo mumo humo nyumbani.

Kwanza zima data ya simu, uiunganishe na ruta ile ile ya kompyuta: ikiwa simu yapata mtandao na kompyuta haipati, lawama si ya kampuni ya intaneti. Kisha soma anwani ya tarakimu katika mipangilio ya mtandao. Ikianza kwa 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa ruta, isijibiwe, ikajipa yenyewe, na dawa ni kuzima ruta, kungoja kitambo, na kuiwasha upya.

Iko kasoro moja ambayo wengi huipuuza, nayo ni saa. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ya ndani imekufa, umeme ukipotea, huamka ikidhani ni mwaka wa zamani, na kwa kuwa kila tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya mwanzo na ya mwisho, huzikataa karibu zote, ingawa waya, ruta na malipo ni kamili. Rekebisha tarehe, nazo zitafunguka. Betri yenyewe, aghalabu CR2032, fundi yeyote wa Nakuru mjini ataibadilisha.