Marion Stevenson wa Tumutumu na Suala la Istilahi

Miongoni mwa walimu wa kike wa mwanzo katika nchi ya Wagikuyu alikuwamo Marion Stevenson (1871–1930), mmisionari wa Kanisa la Scotland. Alifika Thogoto mwaka 1907, akahamia Tumutumu, Nyeri, mwaka 1912. Alifundisha wasichana na kushiriki katika kutafsiri Biblia kwa Kigikuyu.

Hata hivyo, mchango wake uliozua mzozo mkubwa ulikuwa istilahi ya Kiingereza. Neno la Kigikuyu *irua* halitaji kisu pekee. Hujumuisha pia mafunzo, nyimbo na kuingia katika rika. Stevenson alichagua maneno yaliyotaja ukeketaji tu, na mwaka 1929 Baraza la Wamisionari la Kenya likayafuata. Kwa wamisionari, istilahi hiyo ilifichua madhara yaliyositiriwa na neno "tohara". Kwa wafuasi wa Kikuyu Central Association, ilitukana mila nzima. Wazazi wengi waliwaondoa watoto katika shule za misheni, na shule huru zikaenea.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeharamisha ukeketaji. Kuhusu kisu, basi, Stevenson alitangulia. Lakini istilahi yake haikuyaachia mafunzo ya *irua* jina la kuyatenga na kisu hicho.